Miaka 50 na Mzigo wa Pande Mbili

Somo letu la leo limo katika kitabu cha Hesabu, mlango wa 8, mstari wa 23 hadi wa 26. Ni mistari michache, na wengi wetu huipita upesi tunapoisoma. Inaeleza kwamba Mlawi aliingia katika kazi ya hema ya kukutania akiwa na miaka 25, na alipotimiza miaka 50 aliiacha ile kazi nzito. Hakufukuzwa. Alibaki pamoja na ndugu zake akiwasaidia kulinda, ila kazi ya kubeba hakuifanya tena.

Umri huo wa miaka 50 unajulikana sana kwa watumishi wa serikali katika Kenya. Tangu mwaka 2009 umri wa lazima wa kustaafu ni miaka 60. Kabla ya hapo ulikuwa 55. Lakini sheria ya pensheni humruhusu mtumishi kuomba kustaafu akiisha kutimiza miaka 50. Hapa Garissa, na huko Wajir na Mandera, jambo hili huzungumzwa sana katika nyumba za Wakristo, kwa maana wengi wetu ni walimu, wauguzi, makarani na askari tuliotoka Kitui, Taita, Murang'a au Busia. Tuko mbali na kwetu. Joto ni kali. Na tumeona mambo mazito. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mwezi wa Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, na baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa. Mtu aliyepitia hayo akisema, "Nimetosheka, narudi nyumbani," asihukumiwe na yeyote.

Lakini huyo anayetaka kurudi ana mzigo wa pande mbili. Upande mmoja wako watoto waliokwisha kuwa watu wazima, wenye vyeti mkononi lakini kazi hawajapata. Upande wa pili wako baba na mama, wazee wa miaka 80, mmoja ana presha na mwingine ana sukari. Pande zote mbili zinautazama mshahara mmoja. Je, aliyebeba akitua, mzigo utaangukia nani?

Bwana Yesu, katika Injili ya Luka mlango wa 14, anasema habari za mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Basi na tuketi, tuhesabu.

Tuchukue mtumishi aliye katika mpango wa zamani wa pensheni, mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 60,000 kwa mwezi, aliyetumika miaka 26. Sheria huhesabu miezi yake, ambayo ni 312, na kumpa sehemu moja ya 480 ya mshahara wa mwaka kwa kila mwezi. Pensheni kamili ni shilingi 468,000 kwa mwaka. Akichukua robo yake kwa mkupuo, robo hiyo huzidishwa mara 20, naye hupata kiinua mgongo cha shilingi 2,340,000. Hubaki na pensheni ya shilingi 29,250 kila mwezi. Kama angengoja hadi miaka 60, hata kama mshahara haukupanda, kiinua mgongo kingekuwa shilingi 3,240,000 na pensheni shilingi 40,500 kwa mwezi. Ni kweli kwamba anayetoka mapema huanza kupokea pensheni miaka 10 mbele. Lakini tofauti ya shilingi 11,250 kila mwezi ataishi nayo mpaka mwisho.

Tena tuangalie neno hili, sisi tulio kaskazini mashariki. Hesabu hiyo ni ya mshahara wa msingi peke yake. Marupurupu ya nyumba na ya mazingira magumu hayamo. Nyumba nyingi hapa hununua unga kwa mshahara na kulipa karo kwa marupurupu. Siku ya kustaafu, marupurupu hukoma. Bima ya matibabu ya mwajiri nayo hukoma. Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na mstaafu hana budi kuilipia nyumba yake mwenyewe. Wale waliokuwa chini ya miaka 45 mpango mpya ulipoanza Januari 2021 wamo katika akiba ambayo mtumishi huchangia asilimia 7.5 na serikali asilimia 15. Hao wahesabu kwa akiba yao wala si kwa hesabu ya zamani.

Sasa tujifunze kwa majirani zetu wafugaji. Mfugaji mwenye busara huligawa kundi lake. Wanyama wasiokamuliwa huenda mbali na vijana kutafuta majani, bali wale wa maziwa hubaki karibu na boma, kwa ajili ya watoto na wazee. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na mizoga ikajaa kando ya njia. Hata wakati huo, mnyama wa maziwa alikuwa wa mwisho kuuzwa. Watu walijua kwamba akienda huyo, uji wa mtoto umekwenda.

Ndugu msikilizaji, pensheni ya kila mwezi ndiye ngamia wako wa maziwa. Usiifunge kwa mkopo. Kiinua mgongo ni lile kundi linalokwenda malishoni, nalo pia usilipeleke lote bonde moja. Mtu hupokea milioni mbili, na kabla ya mwaka kwisha amenunua matatu asiyojua kuiendesha, au amempa mwanawe zote afungue duka. Duka likifungwa, baba na mwana huketi pamoja kizingitini wakitazamana.

Kuhusu wazazi, neno la Mungu halina mashaka. Katika Marko mlango wa 7 Bwana wetu aliwakemea watu waliomwekea Mungu wakfu mali yao ili wasiwatunze baba na mama. Kwa hiyo fungu la wazee hutengwa kwanza. Lakini tusimwachie mmoja kazi ya ndugu sita. Mtumishi wa serikali ndiye aliyekuwa akituma kila mwezi, na wengine wakazoea. Kabla ya kuandika barua ya kustaafu, waite ndugu zako, taja bei ya dawa, na kila mmoja aseme atatoa nini. Asiye na fedha atoe siku zake za kumpeleka mama hospitali. Tena hakikisha kwamba mzazi aliyefika miaka 70 na asiye na pensheni ameandikishwa katika Inua Jamii. Shilingi 2,000 kwa mwezi ni kidogo, lakini ni haki yake.

Kuhusu watoto, Mtume Paulo anawaambia Wakorintho, katika waraka wa pili, mlango wa 12, kwamba wazazi ndio wawawekee watoto akiba. Twakubali. Lakini huyohuyo anawafundisha Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Anasema asiyetaka, si asiyepata. Kijana anayetafuta kazi kwa bidii apewe chakula na mahali pa kulala, naye atie mkono shambani na katika kuwatunza babu na nyanya. Waonyeshe watoto hesabu yenyewe, karatasi mezani. Wengi huomba kwa sababu hudhani kiinua mgongo ni kisima kisichokauka.

Na sisi wa kanisa tuna sehemu yetu. Tusiwe wa kwanza kubisha hodi kwa mstaafu mpya na bahasha ya harambee. Tumwendee kwanza kwa maombi na shauri jema, na mahali pa kazi pampasapo.

Basi, astaafu au asistaafu? Tunasema hivi. Kama madeni ya Sacco yamekwisha, kama nyumba ya kuishi ipo, na kama pensheni peke yake, bila kugusa kiinua mgongo, yaweza kununua chakula na dawa za wazee, aende kwa amani, na amshukuru Mungu. Awe pia na akiba ya miezi kadhaa, maana faili ya pensheni huweza kukawia. Kama moja ya hayo halijatimia, aweke mwaka wa kulitimiza, amwambie mkewe au mumewe, na aendelee na kazi hadi hapo. Kama ni hofu ya usalama inayomsukuma, aombe kwanza uhamisho. Uhamisho ukikataliwa na roho yake haina raha, maisha ni zaidi ya pensheni.

Tukumbuke Walawi. Hawakuwa na urithi wa shamba, lakini walipewa miji 48 pamoja na malisho yake, na zaka ya Israeli iliwalisha. Aliyetimiza miaka 50 alikuwa na mahali pa kukaa na chakula cha kula, na ndugu zake walikwisha kuubeba mzigo alioutua. Pumziko lake lilikuwa jema kwa sababu lilipangwa.

Tuombe. Ee Baba, wewe ulimfundisha Yusufu kuweka akiba katika miaka ya shibe, akapata kuwalisha baba yake na ndugu zake na nyumba zao. Utupe hekima ya kuhesabu, na ujasiri wa kusema kweli katika nyumba zetu. Uwaangalie wazee wetu walio mbali, na vijana wetu wanaongojea kazi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.