Kabla ya Kuinua Pikapu: Springi, Rimu na Matairi kwa Magari ya Halmashauri

Maelezo ya msimamizi wa karakana kwa wakuu wa idara, watendaji wa kata na madereva, katika kikao cha maandalizi ya masika



Nimeitwa kutoa maelezo juu ya ombi moja. Idara tatu zimeandika kutaka pikapu zao ziinuliwe inchi nne na kufungwa matairi mapana kabla mvua hazijaanza. Sababu iliyoandikwa ni ya kweli: masika yakishika, njia za bondeni hugeuka uji, na gari likilala njiani hulala na chanjo, dawa na wakati mwingine mgonjwa. Sipingi haja hiyo. Ninachoomba ni kwamba fedha zilizotengwa zinunue kile kitakacholifikisha gari, na kulirudisha.

Pikapu zetu nyingi ni Toyota Hilux, na chache ni Land Cruiser. Nyuma zote zina ekseli nzima: chuma kimoja kinachotoka gurudumu hadi gurudumu, na katikati yake limekaa lile bonge tuliitalo difu. Dereva yeyote aliyekwama kwenye njia iliyochimbwa na malori anajua kilichomkwamisha. Magurudumu huingia kwenye mifereji, na difu hupanda juu ya tuta la katikati, gari likabaki linaelea. Sasa, tukiweka springi ndefu zaidi, kinachopanda ni chasisi, bodi, tanki la mafuta na abiria. Ekseli haipandi. Difu hubaki palepale ilipokuwa, kwa sababu kimo chake hutokana na gurudumu, si springi. Inchi nne za kuinua gari haziongezi hata milimita moja chini ya difu.

Kinachoinua difu ni tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi, nalo huinua kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka. Tuchukue tairi la 265/65R17, ambalo baadhi ya Hilux zetu zimekuja nalo. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi kikiwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi hilo lina kipenyo cha milimita 776. Tukipanda hadi 265/70R17 tunapata milimita 803, na difu inapanda milimita 13. Tukienda kwenye 285/70R17, kama ombi linavyotaka, tunapata milimita 831, na difu inapanda milimita 27, yaani zaidi kidogo ya inchi moja.

Kuinua springi kuna faida yake, nami sitaificha. Tumbo la gari hupata nafasi, pua haichimbi ukingo wa korongo wakati wa kuingia, na bomba la moshi haligongi wakati wa kutoka. Tairi kubwa nalo hupata mahali pa kuzunguka bila kukwaruza madigadi. Lakini faida hiyo hupatikana kwa inchi moja na nusu au mbili. Zaidi ya hapo tunaanza kulipa.

Malipo ya kwanza ni uthabiti. Chukulieni gari ambalo matairi yake ya kushoto na kulia yametengana milimita 1500, na kiini cha uzito wake kiko milimita 700 juu ya ardhi. Kwa hesabu ya karatasi, gari hilo likisimama kwenye mteremko wa ubavuni litapinduka likifika nyuzi 47. Inua kiini hicho milimita 100, na litapinduka kwenye nyuzi 43. Hilo ni gari lililosimama, tupu, lisiloyumba. Likiwa kwenye kona ya mlima, na watu wameketi juu ya mizigo, mpaka huo uko karibu zaidi sana. Barabara yetu ya kutoka uwandani kwenda bondeni ina kona ambazo upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni hewa. Madereva wanajua ninazungumzia wapi.

Malipo ya pili ni breki, na hapa naomba mafundi wasikilize kuliko wote. Pikapu nyingi zina vali ya breki iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Bodi ikikaribia ekseli, vali huelewa kwamba kuna mzigo na huruhusu nguvu zaidi ya breki nyuma. Bodi ikiwa mbali na ekseli, vali huelewa kwamba gari ni tupu na hupunguza nguvu hiyo. Ukiinua gari bila kurekebisha fimbo, vali itadhani gari ni tupu hata likiwa na mifuko kumi ya saruji. Breki za mbele zitabeba kazi yote kwenye mteremko mrefu, zitachemka, na kanyagio litazama. Seti nyingi za kuinulia magari zinazouzwa mitaani hazina kibanio cha kurekebishia fimbo hiyo, na muuzaji hatakwambia. Mipira ya breki nayo ikaguliwe: springi ikishuka yote, isivutike.

Upande wa mbele wa Hilux kila gurudumu hujitegemea, na ekseli zake fupi hupitia kwenye joint zilizofunikwa kwa mpira. Ukizidisha milimita 50 hivi, joint hizo hufanya kazi zikiwa zimepinda kupita kiasi. Mpira hupasuka, vumbi huingia, na baada ya hapo ni suala la miezi. Pembe za magurudumu nazo hubadilika: usukani huacha kurudi wenyewe baada ya kona, na matairi huliwa upande mmoja. Kwa hiyo gari lolote litakaloinuliwa, hata kwa inchi moja, lisitoke karakana kabla ya kupimwa mwelekeo wa magurudumu.

Kuna jambo jingine ambalo halimo katika vitabu vya ufundi. Wauguzi wetu wa zahanati hupandisha mama mjamzito kwenye pikapu hizi pale gari la wagonjwa linapokuwa limetumwa kwingine. Kila inchi tunayoongeza, mama huyo anaipanda kwa miguu yake, usiku, akiwa na uchungu.

Niseme sasa juu ya springi zenyewe. Springi huchaguliwa kwa uzito ambao gari hubeba kila siku, si kwa kimo tunachokitamani. Gari la chanjo hubeba masanduku ya baridi, watu wawili au watatu na gurudumu la akiba. Likifungwa springi ngumu za mzigo mkubwa, nyuma litarukaruka kwenye barabara iliyojikunja kama bati, magurudumu yataachana na ardhi, na dereva atalipoteza kwenye kona akiwa na mwendo wa kawaida tu. Gari la Idara ya Maji ni habari nyingine. Pipa moja la dizeli la lita 200 lina uzito unaokaribia kilo 190 pamoja na chuma chake. Ongeza mabomba, pampu na mafundi wanne, na springi za kawaida zitakuwa zimelala kabla safari haijaanza. Gari hilo linastahili kuongezewa bapa moja nyuma na kupewa shokapu zinazolingana na urefu na ugumu wa springi mpya. Shokapu fupi kwenye springi ndefu hung'oka, na shokapu laini kwenye springi ngumu huchoka ndani ya msimu mmoja.

Kuhusu rimu sina mengi. Tubaki na za chuma. Rimu ya chuma ikipinda kwenye jiwe, fundi wa tarafani huigonga ikarudi. Ya aloi hupasuka, na safari imekwisha. Hilux ina nati sita na Land Cruiser hizi zina nati tano, kwa hiyo hakuna kuazimana. Na rimu zinazotokeza nje ya bodi, pamoja na spesa za kupanua magurudumu, zisifungwe kwenye gari la umma. Huonekana vizuri kwenye picha, lakini hulemea beringi na kurusha mawe ubavuni mwa gari na usoni mwa waendesha bodaboda.

Matairi ndiyo yanayostahili sehemu kubwa ya fedha. Ubavuni mwa tairi, baada ya ukubwa, kuna namba ya uwezo wa kubeba na herufi ya mwendo. Namba 112 maana yake tairi moja hubeba kilo 1120 likiwa na upepo kamili. Namba 120 ni kilo 1400. Mnunuzi asiyeiandika namba hiyo kwenye maombi yake ataletewa tairi la ukubwa uleule lililotengenezwa kwa gari la familia. Kuna pia tarakimu nne za umri mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa ghalani miaka mingi linang'aa kama jipya, lakini mpira wake umekauka. Tusilipokee.

Aina ya kashata nayo ina hesabu yake. Tairi la matope, lenye alama M/T, lina mapengo mapana yanayotema udongo, na kwenye udongo mweusi wa bondeni halina mpinzani. Lakini kwenye lami yenye maji husimama kwa umbali mrefu zaidi, na kwenye changarawe huisha haraka. Tairi la A/T ni la mchanganyiko, na kwa magari yanayoshinda barabarani ndilo ninalolipendekeza. Magari mawili yanayolala bondeni msimu mzima yapewe M/T. Na gurudumu la akiba liwe la ukubwa uleule na lisiwe kipara, kwa sababu ukiweka magurudumu manne katika kazi kwenye ardhi ngumu huku vipenyo vikitofautiana, difu na gia zake hupigana zenyewe kwa zenyewe.

Wakuu wa idara, tairi kubwa litaleta pia tatizo mezani kwenu. Kwa lile la 285/70R17, gari likitembea kilomita 1070, kipimo kitaandika 1000. Kitabu cha safari kitaonyesha gari linakunywa mafuta kuliko zamani, na mkaguzi wa ndani atamwita dereva ajieleze kwa lita ambazo hakuziiba. Vilevile sahani ya mwendo ikionyesha 80, gari litakuwa kwenye 86. Karakana ikibadili ukubwa wa tairi, itaandika tofauti hiyo ndani ya kitabu cha safari na kugonga muhuri.

Mapendekezo yangu, basi, ni haya. Pikapu zote zipate matairi mapya ya A/T ya ukubwa wake wa asili au 265/70R17, na yale mawili ya bondeni M/T. Gari la Maji liongezewe springi na shokapu, na liinuke kwa inchi moja na nusu, pamoja na kurekebisha fimbo ya vali ya breki. Gari la chanjo lisiguswe springi. Fedha zitakazobaki zinunue pampu ndogo ya upepo, kipimo cha upepo, kamba ya kuvutia na koleo kwa kila gari. Dereva anayepunguza upepo wa matairi kabla ya kuingia matopeni, kisha akaurudisha akitoka, hupita mahali ambapo gari lililoinuliwa inchi nne limelala. Bila pampu hawezi kuurudisha, ndiyo maana wengi hawaupunguzi.

Uani nimepanga matairi sita yaliyovuliwa wiki hii. Naomba madereva tutoke, kila mmoja asome namba ya mzigo na ya umri wa tairi lililo mbele yake na kuiandika. Gari la Maji litaingia karakana Jumatatu asubuhi likiwa na mzigo wake wa kawaida, lisipakuliwe, ili tulipime kimo likiwa limebeba.