Uhuru Iliruka Kutoka Malindi
Hotuba ya kamati ya elimu, sherehe ya Sikukuu ya Jamhuri, DeSoto, Texas



Tumeombwa tuseme machache kuhusu masomo ya chuo kikuu. Tumeona tuanze kwa kukiri kosa. Binti mmoja wa jumuiya yetu alitaka kusomea fizikia na elimu ya nyota. Sisi wakubwa tulipoitwa kwao kumshauri, tulimuuliza, "Nyota utazila?" Tukamsukuma kwenye uuguzi, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo iliyotulisha hapa na kutujengea nyumba kule kwetu. Uuguzi ni kazi ya heshima, lakini moyo wake haukuwa huko. Alisoma miaka miwili, akaacha. Siku hizi hatumwoni katika sherehe zetu. Deni hilo ni letu.

Watoto wetu, tarehe 12 Desemba ina hadithi nyingine. Siku hiyo mwaka 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, setilaiti ilikuwa ya NASA. Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi huo, aliipa setilaiti jina la Kiswahili: Uhuru.

Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Hewa inayozunguka dunia huzizuia eksirei hizo, kwa hiyo anayetaka kuziona lazima apeleke chombo juu ya hewa. Uhuru ilifanya kazi kwa zaidi ya miaka 2, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Ilionyesha kwamba chanzo kiitwacho Cygnus X-1 humetameta kwa kasi ajabu, dalili iliyowasaidia wanasayansi kuamini kwamba hapo pana shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi hao, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Basi pwani yetu ilitoa mahali na lugha yetu ikatoa jina. Zamu hii tutoe wanafunzi.

Vijana, msidhani masomo haya ni kukesha mkitazama nyota. Sehemu kubwa ni hisabati. Utaanza na kalkulasi, mwendo na nguvu, kisha umeme na sumaku, maabara, na kuandika programu za kompyuta. Kwa hiyo msikimbie hisabati na fizikia mkiwa shule ya upili. Fizikia inafundishwa hapa karibu, UT Arlington na UT Dallas, na unaweza kusoma ukilala nyumbani. UT Austin ina shahada ya elimu ya nyota, na ndiyo yenye kituo cha McDonald kule milimani magharibi mwa Texas.

Wazazi, tunajua swali lenu: atakula nini? Mwenye shahada ya kwanza anaweza kufundisha, au kufanya kazi za kompyuta na takwimu. Hata hospitalini, mashine za mionzi ya kutibu saratani zinahitaji wanafizikia waliosomea kazi hiyo. Na anayeendelea hadi uzamifu wa fizikia, mara nyingi chuo humlipia karo na kumpa posho, naye akafundisha au kusaidia utafiti. Njia ni ndefu, lakini si njia ya njaa.

Kamati tumekubaliana hivi: tukiitwa tena kumshauri mtoto, tutamsikiliza kwanza. Na wiki ijayo tutakwenda kwa yule binti. Safari hii hatuendi kumshauri. Tunakwenda kumwomba radhi, na kumuuliza kama bado anazitazama nyota.

Heri ya Sikukuu ya Jamhuri.