Risasi Tano na Jina Moja
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Katibu aliniomba nizungumzie mchango wa watumishi wa umma katika maendeleo ya mkoa wetu. Namwomba radhi. Nusu ya waliokaa humu ndani ni watumishi wa umma, na ingekuwa sawa na kujisifu wenyewe. Badala yake nitawasimulia siku mbili nilizokaa na vijana wa mgambo, Jumamosi moja milimani Mbinga na Jumapili yake huko Liuli ziwani, kisha nitatoa ombi.

Mshauri wa mgambo alifika ofisini kwangu akasema vijana wake wamefikia hatua ya kulenga shabaha, na watumishi wanaopenda wanakaribishwa. Akaongeza, "Wewe mzee ulisoma historia Mlimani. Jioni uwaeleze kidogo walikotoka." Kuitwa mzee kulinikera kidogo, lakini nilikubali.

Kwa vijana waliomaliza shule juzi, niseme kwamba mgambo haukuanza kwa ajili ya kufukuza wachuuzi sokoni. Novemba 1970 Wareno waliivamia Conakry, Januari 1971 Idi Amin akaipindua serikali ya Uganda, na Februari mwaka huohuo TANU ikatoa Mwongozo, ukataka wananchi wenyewe wafundishwe ulinzi. Sisi wa Ruvuma hatukuhitaji kuelezwa sana. Ng'ambo ya mto wetu vita vya ukombozi wa Msumbiji vilikuwa vimewaka tangu 1964. Mwaka 1978 Amin alipovamia Kagera, wanamgambo wengi walikwenda vitani pamoja na jeshi.

Uwanja wa shabaha ulikuwa chini ya kilima, na upande wa pili wa bonde yalionekana mashamba ya ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayopangwa mteremkoni kama sega la nyuki. Majani hulazwa kwa mistari inayokatana, udongo ukafukiwa juu yake, na maji ya mvua hukaa shimoni badala ya kuteremka na rutuba. Wataalamu wengi wanaeleza kuwa kilimo hicho kilishika mizizi kwa sababu watu walisongamana milimani wakiwakimbia Wangoni katika karne ya 19. Wangoni mliopo humu, msinune. Chakula cha mchana mtapewa.

Tulipewa bunduki aina ya SAR na risasi tano kila mmoja, shabaha ikiwa mita 100. Mkufunzi alitulaza kifudifudi. Kitako kikae begani barabara, kisipate nafasi ya kupiga teke. Vuta pumzi, itoe nusu, izuie. Usikivute kifyatulio kwa pupa. Kibane polepole mpaka mlio ukushtue wewe mwenyewe. Nilimsikiliza vizuri sana, na kati ya risasi zangu tano moja ilipata ukingo wa karatasi. Nyingine ziko mlimani hadi leo. Binti mmoja, muuza maandazi, aliyekuwa amelala kulia kwangu, alipata zote tano, tena bila kuonyesha kwamba amefanya jambo.

Kuna kitu kingine nilikiona pale. Kijana mmoja alikuwa amefunga uzi mweusi kwenye kifundo cha mkono, mwingine aliibusu risasi kabla ya kuiingiza. Mimi mwenyewe, msomi wa Mlimani, nilipiga ishara ya msalaba, na karatasi iliyokuwa mbele yangu isingeweza kunirudishia hata risasi moja.

Jioni tukakaa kwenye nyasi. Niliuliza nani alipigana Litembo mwaka 1902. Kimya. Mmoja akajaribu, "Idi Amin?" Wakacheka, nami nikacheka, lakini nilisikitika, kwa sababu Litembo iko katika milima hiyohiyo tuliyokuwa tukiitazama, na ndiko Wamatengo waliposimama kupigana na Wajerumani, miaka 3 kabla ya Majimaji.

Nilipofika kwenye Majimaji, sauti ikatoka nyuma: "Wale waliodanganywa na maji!" Kicheko tena. Ndugu zangu, hapo nilikumbuka kidato cha pili. Tulicheka vilevile. Tulilikariri jina la Kinjikitile tukapata alama zetu, tukatoka darasani tukiamini kwamba babu zetu walikuwa wajinga. Nikawauliza vijana: mchana huu, mbele ya karatasi, nani alifunga uzi? Nani alibusu risasi? Wakatazamana. Yule aliyekwenda kuikabili bunduki ya Maksimu akiwa na mkuki alihitaji kitu cha kushika zaidi yetu sisi, na maji yale yaliwaunganisha watu wa makabila zaidi ya 20 ambayo mengine yalikuwa yamezoea kuibiana ng'ombe na wake.

Tena risasi siyo iliyowamaliza. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wapiganaji 67 pale Songea, na kila mwaka tunawakumbuka. Lakini silaha iliyoua zaidi ilikuwa njaa: maghala yalichomwa na mashamba yakateketezwa kwa makusudi, ili watu wasalimu amri. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kwamba vita hivyo vilichukua roho za watu 250,000 hadi 300,000. Mkufunzi wa shabaha, mtu asiyesema mengi, aliposikia hivyo alisema, "Kumbe mlenga shabaha alikuwa mwenye kiberiti."

Ndipo kijana mmoja alipouliza swali ambalo sikulitegemea. Alisema kwao husimuliwa kwamba babu wa babu yake alikuwa askari wa Wajerumani, akalipwa, akapewa ng'ombe wa mateka. "Mimi nikae upande gani?" Nilimjibu kwa kweli niliyokuwa nayo: wengi walioshika bunduki za Mjerumani walikuwa Waafrika, Wasudani, Wanyamwezi, Wamanyema na wengineo, na bila wao Mjerumani asingefika mbali. Lakini hilo lilikuwa jibu la darasani, naye hakuniuliza la darasani. Nimelala nalo usiku mwingi tangu siku ile.

Jumapili tulishuka ziwani kwa barabara ya lami hadi Mbamba Bay, kisha tukafuata pwani kwenda Liuli. Wajerumani waliita mahali pale Sphinxhafen, kwa ajili ya umbo la mwamba ulioko majini, ambao wenyeji wanauita Pomonda. Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Ikaja Guendolen ya Waingereza kutoka upande wa Nyasaland, ikaanza kufyatua mzinga. Nahodha Berndt, ambaye hakuwa na habari kwamba vita vimetangazwa, alipiga makasia kwenda kumuuliza rafiki yake Rhoades kama amelewa. Akachukuliwa mateka. Vijana walifurahi zaidi waliposikia kwamba makombora ya kwanza yalikwenda kombo. Mimi nilijisikia nafuu kidogo. Mei 1915 Waingereza walirudi wakaishambulia tena meli ile palepale.

Mzee mmoja wa pale alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea mkongojo. Kisha akasema, "Mwanangu, umeijua meli, umewajua manahodha. Waliokata kuni za meli walikuwa akina nani? Waliobeba mizigo ya vita walikuwa akina nani?" Akatueleza kwamba babu yake alichukuliwa karia, hakurudi, na hakuna anayejua kaburi lake. Alimtaja jina. Akatutaka tulirudie, nasi tukalirudia wote kama watoto wa chekechea, na mkufunzi naye.

Usiku ule nilimpigia simu mama yangu. Nilimwuliza kama kwetu kuna mtu aliyechukuliwa karia. Akanyamaza kidogo, akanitajia jina la babu yake, jina ambalo katika miaka yangu yote 40 na ushei sikuwahi kulisikia. Nilipomwuliza kwa nini hakuniambia, alisema, "Hukuuliza. Ulikuwa unasoma."

Sasa ombi langu. Mshauri wa mgambo amekubali kututengea saa mbili za Jumamosi jioni na Jumapili nzima katika mafunzo yajayo ya shabaha. Tumepatana kwamba kila kijana, kabla hajapewa risasi zake tano, alete jina moja la mtu wa kwao aliyeguswa na bunduki: karia, askari, mpiganaji, mkimbizi, au mama aliyekufa kwa njaa ile. Askari tumemweka makusudi, ili yule kijana naye aje na jina lake. Majina yataandikwa kwenye daftari, pamoja na kijiji na aliyesimulia. Wazee wenye kuyajua hawatatungoja. Nahitaji watu wawili wanaojua Kimatengo vizuri, mmoja wa Kinyasa, mmoja wa Kingoni, na mtu mwenye hati ya mkono inayosomeka, maana yangu mnaijua. Nauli kila mtu ajitegemee. Katibu ana karatasi pale mlangoni. Jina la babu wa mama yangu nimekwisha kuliandika mstari wa kwanza.