Kupima Umbali wa Nyota Kubwa

Kila mmoja ainue kidole mbele ya uso. Fumba jicho moja, kisha jingine. Kidole huonekana kuhama. Kikiwa mbali, huhama kidogo.

Dunia ikizunguka jua, nyota nazo huonekana kuhama hivyo. Nyota iitwayo VY Canis Majoris imezungukwa na mvuke wa maji utoao mawimbi ya redio. Wajapani waliyapokea kwa vyombo vinne vilivyotengana mbali. Kwenda na kurudi kila mwaka hutokana na Dunia. Kusogea upande mmoja daima ni mwendo wa nyota yenyewe.

Mwaka 2008 walitangaza: mwanga wake husafiri miaka 3,700 hivi kutufikia. Awali ilidhaniwa 4,900. Basi nyota hiyo haing'ai kama ilivyodhaniwa. Akosaye umbali hukosa na ukubwa.