Mkulima wa Amani na Bomba la Tanga



Katika semina hii nimepangiwa kuzungumzia mifumo ya ikolojia na athari za binadamu. Somo ni pana, nami sitaizunguka dunia ilhali mfano tunao hapa hapa wilayani. Kutoka Muheza mjini hadi Amani msafiri anayaacha machungwa na mkonge, anaingia msitu wa tambarare wenye joto, kisha anatokea kwenye msitu wa mvua wa milimani, mita 900 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Kinachoustawisha msitu huo ni Bahari ya Hindi. Upepo wake wenye unyevu hugonga ukuta wa Usambara Mashariki, hupanda, hupoa, na kumwaga mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu huo umedumu tangu zama za kale, hata pale sehemu kubwa ya Afrika ilipokauka. Ndiyo maana Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita hadi Udzungwa, ina viumbe wasiopatikana kwingine. Dughulushi, ua dogo la zambarau lililotoka Tanga kwa mkono wa mtawala wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1892, leo linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani. Kwetu bado linashikilia miamba ya kivulini, na mti ulio juu yake ukikatwa linakauka.

Sasa, nani ameuharibu msitu huu? Jibu la haraka ni "wananchi". Mimi silikubali.

Wa kwanza kufyeka kwa eneo kubwa walikuwa walowezi wa Kijerumani, miaka ya 1890, wakitafuta kahawa. Waliona miti minene wakadhani udongo una rutuba. Kumbe rutuba ya msitu kama huu hukaa kwenye majani yanayooza na mizizi inayoyanyonya upesi. Chini yake udongo ni mchachu na maskini. Kahawa ikawashinda, na baadaye chai, inayopenda uchachu, ikachukua nafasi. Mwaka 1902 kikaanzishwa kituo cha utafiti cha Amani, na bustani yake ikaletewa miti kutoka pande zote za dunia. Miongoni mwao alikuwemo mgeni wa karibu zaidi, mhesi, ambao wengine huuita msizi, kutoka misitu ya Kongo, Uganda na Kagera.

Mhesi ulikaa kimya kwa miongo kadhaa. Kilichouamsha ni msumeno. Miaka ya 1970 na 1980 kiwanda cha mbao cha umma cha Tanga, Sikh Saw Mills, kilivuna magogo huku kwa msaada wa Finland, kikaacha mapengo makubwa na barabara za matrekta. Mhesi unapenda jua na unakua haraka. Hondohondo hula matunda yake na kudondosha mbegu mbali. Palipofunguka, ukajaa. Watafiti wamebishana sana: wapo walioona msitu wa asili utamezwa, na wapo walioonyesha kwamba mche wa mhesi hauvumilii kivuli, hivyo chini ya mihesi mikubwa miti ya asili hurudi taratibu ikiachwa. Naegemea upande wa pili, kwa sharti hilo la mwisho. Uvunaji wa mashine ulisimamishwa kabla miaka ya 1980 haijaisha, na Finland ile ile ikageuka mfadhili wa hifadhi. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997.

Baada ya hapo macho yote yakamgeukia mkulima wa iliki. Nisimtakase. Iliki hupandwa chini ya miti mikubwa, kwa hiyo kwa mbali msitu unaonekana mzima. Lakini mkulima hufyeka miche yote ya chini, na mti mkongwe ukianguka hakuna wa kurithi. Baada ya miaka kadhaa udongo huchoka, panapandwa muwa, migomba au muhogo, naye husogea mbele. Hiyo ndiyo hali iliyokuwa Derema, ukanda unaounganisha msitu wa Amani na misitu ya kaskazini. Ukanda ule ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 2010, baada ya wakulima zaidi ya 1,000 kuondoa mazao yao. Fidia ilichukua miaka mingi na manung'uniko hayakukosekana. Ardhi mbadala ilitafutwa tambarare, ambako iliki haioti. Kwa vinyonga na ndege wanaohitaji njia ya kupita, uamuzi ulikuwa sahihi. Kwa kaya iliyokuwa ikilipa ada ya shule kwa iliki, ulikuwa mzigo mzito.

Hata njia mbadala zimekuwa za bahati nasibu. Ufugaji wa vipepeo, ambao pupa wao waliuzwa nje ya nchi, uliingizia familia za vijijini fedha bila kukata mti. Mwaka 2016 serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai, soko likafungwa.

Ndipo ninapofika kwenye hoja yangu. Mvua inayonyesha juu huingia Mto Zigi, mto hujaza bwawa la Mabayani, na bwawa huwanywesha watu wa jiji la Tanga. Mteremko ukilimwa mpaka ukingoni mwa mto, tope hufika bwawani, na kusafisha maji kunakuwa ghali. Wakulima wa bonde la Zigi wameungana katika umoja wao, UWAMAKIZI, wanapanda miti na kuacha kulima kandokando ya mito. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya zaidi ya shilingi bilioni 53, na wawekezaji waliitikia. Kumbe fedha ya maji ipo.

Napendekeza semina hii iombe jambo moja: sehemu maalumu ya kila bili ya maji ya Tanga, iliyotajwa wazi kwenye ankara, iende kwa vijiji vya juu kwa mkataba wa miaka mingi, na malipo yafuate kipimo cha tope mtoni. Isiwe hisani ya sherehe za kupanda miti. Iwe ujira. Maafisa wa halmashauri mliopo hapa, rasimu ya mkataba huo ianze kwenu.