Lambo Letu na Wakaao Chini Yake

(Hotuba iliyosomwa na karani kwa niaba ya halmashauri, katika mkutano mkuu wa mwaka)



Twasema machache juu ya lambo letu. Limeletwa ombi kwamba njia ya maji ya ziada, ile iliyo ubavuni mwa tuta, izibwe kwa mawe na udongo kwa kimo cha dhiraa moja, ili maji yadumu hata mwisho wa kaskazi. Waliolileta ombi hili hawana nia mbaya. Nani kati yetu aliyesahau ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, na ng'ombe wakafa njiani wakielekea maji? Pwani mvua hutosha, lakini kadiri mtu aendavyo magharibi, akaupita msitu wa Arabuko-Sokoke hata Ganze na Bamba, mvua hupungua. Na mto Sabaki uko mbali na wengi wetu, tena una mamba. Basi mwenye lambo ana mali.

Hata hivyo halmashauri yawaomba mlikatae ombi hili, na yafaa tuseme sababu.

Wahenga walinena: maji ya kifuu, bahari ya chungu. Mhandisi aliyezoea bwawa la Masinga akiliona lambo la kijiji ataliita kidimbwi. Lakini tulipigie hesabu. Lambo la urefu wa meta 60, upana wa meta 50, na kina cha meta 2 kwa wastani, lina meta 6,000 za ujazo. Kila meta moja ya ujazo ina uzito wa tani moja. Hizo ni tani 6,000, sawa na malori 600 yaliyobeba tani kumi kumi, yakisimama juu ya nyumba zilizo bondeni. Kwa mama aliyelala chini ya tuta, hiyo ndiyo bahari.

Tuta la udongo ulioshindiliwa vema lina nguvu ya kuyazuia maji yaliyo mbele yake. Maadui zake ni maji yapitayo juu yake na maji yapitayo ndani yake. Yakipita juu, huula mgongo wa tuta kama mtu alaye mkate, na kwa muda mfupi pengo dogo huwa mlango mkubwa. Kwa sababu hiyo waliojenga waliacha njia ya pembeni, iliyo chini kuliko mgongo wa tuta, ili mafuriko yapate pa kutokea. Tukiiziba, huenda tukapata maji zaidi wakati wa kiangazi. Lakini siku ya mvua kubwa ya masika tutakuwa tumeufunga mlango wa pekee.

Jambo hili limekwisha kuonekana ulimwenguni. Huko Pennsylvania, Marekani, palikuwa na bwawa la udongo juu ya mji wa Johnstown. Wenyewe walipunguza kimo cha tuta ili magari ya farasi yapite, wakaweka vyuma katika njia ya maji ya ziada ili samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, takataka zilinasa katika vyuma vile, maji yakapita juu ya tuta, nalo likavunjika. Walikufa watu 2,209. Nasi katika Kenya twaikumbuka Solai, Kaunti ya Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, tuta la udongo la shamba moja lilipopasuka na kuwaua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa nyumbani mwao.

Badala ya kuinua maji, halmashauri yashauri tuchimbe. Matope yaliyoletwa na mvua yamepunguza kina cha lambo. Tukiyaondoa wakati wa kiangazi tutapata nafasi ya maji bila ya kuwaongezea hatari walio chini, na matope hayo yatafaa mashambani. Tahadhari ni mbili: tusichimbe karibu na mguu wa tuta, wala tusiutoboe udongo mzito wa chini unaozuia maji yasinyonywe.

Kadhalika twaomba haya yafuatwe. Kwanza, njia ya maji ya ziada isafishwe kila mwaka kabla ya masika na kabla ya vuli. Pasiwekwe ua wa miiba wala wavu wa samaki. Pili, mti usipandwe juu ya tuta, hata mwarobaini wa kivuli. Mizizi yake ikioza huacha vijia vya maji. Majani mafupi yatosha. Tatu, ng'ombe wasipande tutani, kwa maana njia yao hufanya bonde, na maji hupita kwanza palipo chini. Nne, matundu ya kenge, panya na mchwa yachimbuliwe na kushindiliwa upya mara yaonekanapo.

Tano, awekwe mtu wa kulitazama tuta, hasa wakati wa mvua. Akiona maji yakivuja kidogo nayo ni safi, aandike na kutoa habari. Akiona yanatoka yenye matope, ajue kuwa tuta linaliwa ndani. Asingoje mkutano, awaamshe wakaao bondeni waondoke kwanza. Wala asitokee mtu akalikata tuta kwa jembe ili kupunguza maji.

Kazi yoyote ya kubadili tuta yataka fundi mwenye ujuzi na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya 2016.

Wazee wetu, wanaoteka maji ni wengi na wanaolala chini ya tuta ni wachache, tena baadhi yao si wanachama. Kwa hiyo twaomba kabla ya kura kupigwa, waitwe nao wasikilizwe. Chama kilichoundwa kwa ajili ya kusaidiana hakiwezi kujipatia maji kwa kuhatarisha maisha ya jirani.