Barabara Isifukie Historia Yetu

Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wanaharakati wa mageuzi, Endarasha



Katika msitu huu wa Nyandarua unaotutazama kuna mahali paitwapo Treetops. Ulimwengu mzima wajua kwamba Elizabeth alilala hapo usiku ule wa Februari 1952 baba yake alipofariki, naye akawa malkia. Mwaka 1954 wapiganaji wa msituni waliiteketeza hoteli hiyo. Habari ya malkia imeandikwa vitabuni na kusimuliwa kwa watalii. Je, habari ya waliowasha moto ule imeandikwa wapi? Hilo ndilo swali lililotuleta hapa leo.

Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni 1 na kuwatia katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na miiba. Ukingoni mwa misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua lilichimbwa handaki refu ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Waliolichimba hawakulipwa, walilazimishwa, na wengi wao walikuwa akina mama. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati huo sasa amepita 90. Kila mwaka twawazika wazee hawa, na pamoja nao twayazika majibu ya maswali ambayo hatukuwahi kuwauliza.

Tusijilaumu kupita kiasi, kwa maana kimya chetu kilikuwa na sababu. Kifungu cha 2A kilipoondolewa katika Katiba mnamo Desemba 1991, tulipata haki ya kuchagua chama. Lakini marufuku dhidi ya Mau Mau, iliyowekwa mwaka 1950, haikuondolewa hadi 2003. Kwa miaka 40 ya uhuru, mzee aliyepigania ardhi hii alikuwa bado mwanachama wa kundi haramu machoni pa sheria. Ndiyo sababu twasema kwamba kuhifadhi historia ni sehemu ya mageuzi. Taifa lisiloruhusu wananchi wake kukumbuka haliwezi kuwaruhusu kuamua.

Tena urithi wetu haukuanza 1952. Majina ya Nanyuki na Naro Moru yatukumbusha kwamba Wamaasai walilisha ng'ombe katika nyanda hizi, na kwamba nao walihamishwa Laikipia kwa mkataba wa 1911 ili kuwapisha walowezi. Kule Gatung'ang'a, karibu na Karatina, wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua mabaki ya watu wa Enzi ya Chuma walioishi hapo karne nyingi kabla ya mzungu yeyote kuuona mlima huu. Vigae avipigavyo teke mtoto aendapo shule vyaweza kuwa ushahidi wa namna hiyo.

Sasa yazungumzwa habari ya barabara. Hatupingi barabara. Mkulima wa Kieni ambaye viazi vyake vimekwama matopeni hahitaji kuhubiriwa faida ya lami. Hata serikali ilianzisha mradi wa takriban kilomita 540 kupitia Kiambu, Murang'a, Nyeri na Nyandarua, ikauita barabara za Mau Mau. Jina hilo ni la heshima. Lakini itakuwa fedheha iwapo barabara yenye jina la wapiganaji itafukia mahandaki yao na makaburi yao. Tingatinga halijui kaburi. Sharti mtu alionyeshe.

Na sheria ipo upande wetu. Sheria ya Mazingira ya 1999 yataka athari zichunguzwe na wananchi wasikilizwe kabla ya ujenzi mkubwa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 yamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 11, yautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Hata hivyo, Tume ya Ndung'u ilionyesha mwaka 2004 jinsi ardhi ya umma ilivyonyakuliwa nchini kote. Sheria isiyo na mwenye kuidai ni karatasi tu.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kanisa lifungue daftari la mahali pa kale palipo katika eneo lake, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, vijana wawarekodi wazee kwa sauti zao wenyewe, katika lugha zao wenyewe. Tatu, kabla ya mkandarasi kuanza kazi, wazee watembee naye njia nzima, wakimwonyesha pa kupita na pa kuepuka.

Na tuseme lililo gumu. Miongoni mwetu wamo watoto wa wapiganaji na watoto wa homgadi, nao hukaa benchi moja siku ya Jumapili. Daftari letu lisiwe la kulipizia kisasi, wala lisifiche jina la yeyote aliyeumizwa. Wote waulizwe, wote wasikilizwe.

Dedan Kimathi, mwana wa Nyeri, alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mjane wake, Mukami, aliaga dunia Mei 2023 akiwa bado hajapewa mwili wa mumewe auzike. Alingoja miaka 66. Makaburi mengine yapo hapa kwetu, na wanaoyajua bado wako hai. Wana wa Israeli walipovuka Yordani waliamriwa kusimamisha mawe, ili watoto watakapouliza maana yake wapate jibu. Mawe yetu yangalipo kando ya barabara. Twendeni tukawaulize wazee kesho, si mwaka ujao.